Maharage Hayana Kiburi: Tathmini ya Presha Kuka ya Lita 6 katika Jiko la Mbeya

Presha kuka ya aluminiamu ya lita 6, ile inayouzwa katika maduka ya vyombo ya Mwanjelwa ikiwa ndani ya boksi lenye picha ya mama anayetabasamu bila jasho hata tone, ni chombo ambacho familia yoyote ya Mbeya inayokula maharage zaidi ya mara moja kwa wiki inapaswa kukifikiria kabla ya kufikiria televisheni kubwa zaidi. Nasema hivyo huku nikiwa na kinyongo nacho, kwa sababu mkono wake ulilegea mapema, kitabu chake cha maelekezo kimeandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi karibu na bahari, na raba yake ina tabia ambazo nitazieleza bila kuzionea haya. Hata hivyo, kasoro hizo zote zikiwekwa upande mmoja wa mizani, na upande wa pili likawekwa tatizo ambalo chombo hiki kinalitatua katika mji ulio juu namna hii, mizani inaelemea upande wa kununua.

Niliinunua kwa shilingi 65,000 baada ya kupatana. Muuzaji, ambaye ananifahamu kwa sababu nilimfundisha mdogo wake fizikia, aliona nakagua mfuniko kwa muda mrefu kuliko mteja wa kawaida, akaamua kunihimiza: “Mwalimu, hii haina longolongo. Ukishafunga tu, maharage yenyewe yanaomba msamaha.” Ni tangazo zuri la biashara, lakini linawaonea maharage, ambayo katika kesi hii ni mlalamikaji wala si mshtakiwa.

Katika nyumba nyingi za hapa, maharage yakichelewa kuiva hutafutwa mtu wa kulaumiwa. Yuko atakayesema kwamba muuzaji amechanganya ya mwaka juzi na ya mwaka huu, mwingine atasema mkaa ulikuwa mbichi, na wa tatu, ambaye kwa kawaida hajapika chochote siku hiyo, atauliza kama chumvi ilitiwa mapema. Tuhuma ya kwanza ina ukweli wake, kwani maharage yaliyokaa muda mrefu ghalani kwenye joto na unyevu hujenga ugumu ambao hata kuyaloweka hakuuondoi wote: madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyomo ndani ya punje hufungana na pektini, ambayo ndiyo gundi inayoshikanisha seli za punje hiyo, na kuikaza. Lakini hata ukinunua Uyole Njano ya msimu huu, ile aina iliyotokana na watafiti wa kilimo wa Uyole hapa hapa mjini, ukailoweka usiku kucha na kuichochea kwa mkaa mkavu wa kutoka Chunya, bado utasubiri kuliko anavyosubiri ndugu yako aliye Dar es Salaam. Mshtakiwa wa kweli ni hewa.

Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ina uzito, na mkazi wa Kigamboni amebebeshwa hewa yote iliyo juu ya kichwa chake, ilhali sisi tumeiacha sehemu ya mzigo huo chini yetu, kiasi kwamba mgandamizo wa hewa ya hapa ni kama nne ya tano tu ya ule wa pwani. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuishinda hewa iliyoyalalia. Hewa ikiwa dhaifu, maji hushinda mapema, na yakishashinda hayapandi joto tena, hata mpishi akiongeza kuni, akipepea kwa ungo au akiita majirani waje kusaidia. Kwa hesabu ya jumla, kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto pungufu la nyuzi 1. Nilikitumbukiza kipimajoto cha maabara katika sufuria ya kawaida isiyo na mfuniko, na zebaki ikasimama kwenye nyuzi 94 na ushee kidogo za Sentigredi, ikagoma kusogea, huku maji yakitokota hadi kurukia jiko na kuzima kaa mbili.

Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tukuyu, alikitazama kipimajoto, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa upole wa mtu anayegundua kwamba amedhulumiwa kwa muda mrefu: “Kwa hiyo, mwanangu, miaka yote hii tunapika kwa maji ya uvuguvugu?” Nilimjibu kwamba si ya uvuguvugu, mama, ila hayajafika. Jibu hilo halikumridhisha, na kusema kweli halikuniridhisha hata mimi, kwa sababu nyuzi 6 zinazopungua zinaonekana chache kwenye karatasi kuliko zinavyoonekana tumboni. Wanga wa maharage hulainika kwenye nyuzi 70 hivi, kwa hiyo huo hauna mgogoro na mwinuko wetu. Kinachochelewesha ni ile pektini, ambayo huachia taratibu sana, na mwendo wake hutegemea joto. Wakemia wana kanuni yao ya kukadiria, kwamba mabadiliko mengi ya namna hii huenda kasi takriban maradufu kila joto likipanda nyuzi 10, na huzorota kwa kiasi hicho hicho likishuka. Ukiifuata kanuni hiyo, saa moja ya jikoni Dar es Salaam huelekea kuwa saa moja na nusu ya jikoni Mbeya, na mkaa unaoungua katika nusu saa hiyo ya ziada hakuna anayeturudishia.

Tabia ya kulaumu kilicho karibu haikuanzia kwetu. Mwezi Machi 1835, Charles Darwin alipokuwa akivuka milima ya Andes, wenzake wawili waliacha viazi motoni usiku kucha, wakavichemsha tena asubuhi, na bado havikuiva. Darwin alielewa kwamba sababu ni mgandamizo mdogo wa hewa ya mlimani, lakini aliwasikia wenzake wakilijadili jambo hilo na kufikia uamuzi mfupi, kwamba chungu hicho, kwa kuwa kilikuwa kipya, kimekataa kupika viazi. Nimewasimulia kisa hiki watu kadhaa wa Isyonje, ambako viazi na baridi vyote viko tele, na hakuna aliyecheka haraka. Mmoja aliniuliza chungu chenyewe kilitengenezwa wapi.

Presha kuka inafanya nini, basi, ambacho sufuria ya kawaida haiwezi? Inatengeneza hewa nzito ya bandia juu ya maji. Mfuniko wake una meno yanayojifunga chini ya ukingo wa sufuria, raba ya duara inaziba mwanya, na mvuke unabaki na njia moja tu ya kutokea, yaani tundu dogo la katikati ya mfuniko, ambalo nalo limekaliwa na kizibo kizito cha chuma. Tundu la sufuria yangu lina upana wa milimita tatu na nusu hivi, na kizibo kinakaribia gramu 100. Mvuke hauwezi kukinyanyua kizibo hicho mpaka mgandamizo wake uzidi ule wa hewa ya nje kwa takriban kilo 1 kwa kila sentimita moja ya mraba. Unapofikia hapo, kizibo kinanyanyuka, kinapiga filimbi, kinatema mvuke, kinakaa tena. Huo ndio mtambo wote, na uzuri wake ni kwamba hauna betri, hauna saa, wala hauna kitu kinachohitaji kuunganishwa na simu.

Kilo 1 kwa sentimita moja ya mraba inasikika kuwa jambo dogo hadi utakapokumbuka ukubwa wa mfuniko. Mfuniko wa sufuria hii una kipenyo cha sentimita 22, yaani eneo la sentimita za mraba 380, kwa hiyo filimbi inapolia mvuke unausukuma mfuniko huo kwenda juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 380. Kwa lugha ya sokoni, hayo ni magunia manne ya mahindi kasoro kidogo, na nazungumzia magunia halali ya kilo 100, bila lumbesa. Anayelazimisha kufungua mfuniko kabla mvuke haujaisha anajaribu kuyaachia magunia hayo kwa mkupuo mmoja kuelekea usoni kwake. Watengenezaji wameweka kizibo cha pili cha dharura chenye madini laini yanayoyeyuka iwapo sufuria itakaukiwa maji na joto likapita kiasi, na hilo ni jambo la kuwapongeza, lakini kizibo hicho hakimzuii mtu mwenye haraka.

Aliyebuni utaratibu huu wa kuuwekea mvuke uzito juu ya tundu ni Mfaransa Denis Papin, ambaye alifanya kazi London pamoja na Robert Boyle, na ambaye mwaka 1679 aliionyesha Royal Society chombo chake cha kulainishia mifupa. Mwaka 1682 wanachama wa jumuiya hiyo ya wanasayansi waliketi mezani kula chakula kilichopikwa ndani yake, na mmoja wa waliokuwapo, John Evelyn, aliandika kwamba hata mifupa migumu kabisa ya ng'ombe na kondoo ilikuwa imelainika kama jibini. Ninaona fahari kidogo kwamba tathmini ya kwanza maarufu ya presha kuka ilihusu supu ya mifupa, kwa maana jaribio lililonishawishi zaidi kuliko yote lilikuwa la kongoro.

Kongoro la ng'ombe lina ngozi, mishipa na gegedu, ambavyo vyote vimejaa kolajeni, na kolajeni haigeuki jelatini bila joto la kutosha kwa muda wa kutosha. Katika sufuria ya kawaida hapa Mbeya, kongoro ni kazi ya nusu siku na ni sababu halali ya mtu kukosa ibada. Katika presha kuka, saa moja baada ya filimbi ya kwanza ilitosha kuliacha gegedu likiteleza kutoka kwenye mfupa kwa kuguswa na kijiko tu. Supu iliyobaki niliiacha mezani usiku wa Julai, na asubuhi ilikuwa imeganda kabisa, ikitikisika bila kumwagika hata nilipoinamisha bakuli, jambo linalothibitisha kwamba jelatini ilitoka kwa wingi na pia kwamba jiko langu halina dari. Watoto walikataa kuamini kwamba hiyo ni supu ya jana hadi ilipowekwa motoni ikayeyuka mbele ya macho yao.

Kuhusu maharage yenyewe, matokeo yalikuwa mazuri lakini yanahitaji maelezo, na hapa ndipo penye lalamiko langu kubwa dhidi ya kitabu cha maelekezo. Kitabu hicho kinatoa muda wa kupika bila kumuuliza msomaji anaishi wapi. Kizibo cha presha kuka huongeza kiasi kile kile cha mgandamizo popote ulipo, lakini hukiongeza juu ya hewa ya mahali hapo, na hewa ya mahali hapo haifanani. Dar es Salaam, ambako maji ya sufuria ya wazi huchemka kwa nyuzi 100, ndani ya presha kuka hufika karibu nyuzi 120. Hapa Mbeya hutoka nyuzi 94 hadi karibu nyuzi 117. Juu kabisa Kitulo, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, hutoka nyuzi 91 hadi takriban nyuzi 115. Kwa maneno mengine, chombo hiki hakifuti adhabu ya mwinuko, bali kinaipunguza nusu, kwa kuwa pengo la nyuzi 6 lililokuwapo kati yetu na pwani linabaki nyuzi 3. Ndiyo maana anayefuata muda wa kitabu kwa uaminifu hapa kwetu atafungua mfuniko na kukuta punje zenye kiini kigumu, kisha atamrudia muuzaji kwa hasira isiyo na mwenyewe. Kanuni inayotumiwa na wapishi wa nyanda za juu duniani ni kuongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300 zinazozidi mita 600 za kwanza, na kwa Mbeya hilo linakaribia sehemu moja ya tano: dakika 20 za kitabu ziwe 24.

Kwa marekebisho hayo, maharage ya njano yaliyolowekwa usiku yaliiva vizuri, laini hadi katikati bila kupasuka, kwa muda ambao katika sufuria ya wazi ungekuwa umetosha tu kuyafanya yabadilike rangi. Maharage mekundu ya zamani, yale ambayo nina hakika yaliwahi kuona uchaguzi mmoja au zaidi, yalihitaji muda wa ziada, lakini nayo yalisalimu amri. Kwa maharage mekundu kuna faida nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni kwamba yana lektini, kemikali ya asili inayoleta kutapika na kuharisha ikiwa hayakuiva sawasawa, na joto kali la presha kuka huiharibu haraka. Kande ya mahindi na maharage nayo ilitoka vyema, ingawa mahindi yasiyokobolewa yanadai yaanze peke yake kwanza. Viazi sivipendekezi: vinaiva kwa kasi kiasi kwamba dakika moja ya kuzubaa inakupa rojo. Wali wa Kyela sikuupika humo, na sioni kwa nini mtu mwenye akili timamu aufungie harufu yake ndani ya chuma kisha aiachie kupitia tundu la milimita tatu na nusu.

Sasa nije kwenye suala la filimbi, ambalo katika mtaa wetu limekaribia kuwa suala la imani. Jirani yangu mmoja, mama ntilie anayeheshimika kwa maharage yake, hupika kwa filimbi 7. Mwingine anaapa kwa filimbi 10. Wote wawili wanaona ajabu kwamba wakibadilishana vyombo au majiko matokeo yanaharibika. Filimbi haihesabu muda na wala haihesabu joto. Inaeleza tu kwamba mvuke umezidi na sehemu yake imetolewa nje. Moto ukiwa mkali, mvuke huzalishwa kwa wingi na filimbi 7 zinalia kabla hujamaliza kukatakata vitunguu. Moto ukiwa mdogo, filimbi hizo hizo zinaweza kuchukua nusu saa, na joto la ndani katika hali zote mbili ni lile lile, kwa sababu kizibo hakiruhusu mgandamizo upande zaidi. Kipimo cha haki ni saa ya ukutani: subiri filimbi ya kwanza, punguza moto mpaka kizibo kiwe kinanong'ona tu, kisha anza kuhesabu dakika. Nilipomweleza mama ntilie hoja hii alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu kubwa, akaniambia, “Sawa mwalimu, lakini wateja wangu wamezoea za filimbi saba,” na kwa kuwa maharage yake ni matamu kuliko yangu sikuwa na la kuongeza.

Kupunguza moto huko ndiko kunakotofautisha majiko. Kwa gesi ni suala la kuzungusha kitufe, na mtungi unadumu kwa namna inayoonekana mwisho wa mwezi. Kwa jiko la mkaa ni sanaa: inabidi kufunga mlango wa chini na kuyafunika makaa kwa majivu kidogo mara tu filimbi ya kwanza inapolia, la sivyo kizibo kitatema maji ya sufuria yote hewani bila kuongeza hata nusu nyuzi ya joto. Jiko la kuni sikulijaribu, kwa vile moshi na mkono wa plastiki si marafiki. Zipo pia presha kuka za umeme zinazojipunguzia moto zenyewe, nazo zinazidi kutangazwa tangu Serikali itoe mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania, lakini hizo zinastahili tathmini yake, na jioni ambayo umeme umekatika maharage yakiwa nusu safari hazitofautiani na ndoo.

Nimeahidi kueleza tabia za raba. Raba ndiyo roho ya chombo hiki, na katika miezi ya Juni na Julai roho hiyo huamka ikiwa imekakamaa. Asubuhi za baridi mvuke ulikuwa ukivuja pembeni ya mfuniko kwa mlio wa kukatisha tamaa, filimbi hailii, maji yanapungua, na mtu anaanza kufikiri kwamba ameuziwa chombo kibovu. Dawa yake ilikuwa kuitumbukiza raba katika maji ya moto kwa dakika chache hadi ilainike, kuipaka mafuta ya kula kidogo sana, kisha kuirudisha bila kuikunja, na tangu hapo imekuwa ikikaa vizuri. Raba hiyo hiyo hunyonya harufu bila ubaguzi, kwa hiyo anayepika kongoro Jumamosi ajiandae kula maharage yenye kumbukumbu za kongoro Jumapili. Watengenezaji wangeweka raba mbili kwenye boksi wangepata nyota nyingine kutoka kwangu.

Mkono wake mrefu wa plastiki ulianza kucheza mapema, kwa sababu skrubu inayoushika imeingizwa kwenye aluminiamu laini na kila kupasha na kupoa kunapanua tundu kidogo. Fundi wa vyombo aliibadilisha kwa boliti yenye nati kwa bei ya soda, na kazi hiyo ingefanywa kiwandani ingegharimu hata pungufu ya hapo. Kitako nacho ni chembamba, kwa hiyo vitunguu na nyanya vikikaangwa humo moja kwa moja vinashika chini. Ni afadhali kuunga kwenye sufuria nyingine. Mwisho wa malalamiko ya umbo ni alama ya ndani inayoonyesha kiwango cha juu cha kujaza, ambayo imechongwa kwa wasiwasi kiasi kwamba haionekani bila tochi. Kwa maharage usivuke nusu ya sufuria hata kama alama inaruhusu zaidi, kwa kuwa yanatoa povu, povu linabeba maganda, na ganda moja likikwama katika lile tundu dogo mtambo mzima unapoteza mahali pake pa kupumulia. Kijiko kimoja cha mafuta hupunguza povu hilo, na kuchungulia tundu kwenye mwanga kabla ya kila mapishi ni kazi ya sekunde tatu.

Kuna desturi moja ya kwetu ambayo chombo hiki hakiipendi, nayo ni magadi. Magadi yanasaidia kweli kuivisha maharage, kwa sababu maji yenye asili ya alkali huiyeyusha pektini haraka zaidi, ingawa yanaiharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni kwa asiyejua kipimo. Lakini alkali hiyo hiyo hula utando mwembamba unaoikinga aluminiamu, na sufuria iliyoingia dukani iking'aa hugeuka nyeusi ndani kama chungu cha mganga. Habari njema ni kwamba kwa joto la nyuzi 117 magadi hayana kazi tena. Mama mkwe wangu aliyaweka kando kwa shingo upande, akayaonja maharage yaliyopikwa bila magadi, akatafuna kimya kwa muda, kisha akauliza kama presha kuka hiyo inauzwa na ndogo zaidi, ya mtu anayeishi peke yake. Zipo za lita 3, na bei yake si nusu ya hii kama mtu angetarajia, bali ni kama theluthi mbili.

Kupoza pia kunataka subira. Ukimwagia maji baridi juu ya mfuniko ili kuharakisha, mgandamizo wa ndani unaporomoka ghafla, maji yaliyokuwa na nyuzi zaidi ya 100 yanachemka kwa fujo, na maharage mazuri yanapasuka na kuwa uji. Yaache yatulie yenyewe kwa dakika 10 au 15, muda ambao hata hivyo yanaendelea kuiva bure, bila mkaa wala gesi.

Kwa mkazi wa Kyela au Matema, kando ya Ziwa Nyasa, ambako mwinuko hauzidi sana mita 500 na maji huchemka kwa nyuzi 98, faida ya chombo hiki ni ya kuokoa nishati zaidi kuliko ya kuokoa maharage, na anaweza kusubiri bei ishuke. Kwa mkazi wa Mbeya, Njombe, Makete au Mufindi, sioni sababu ya kusubiri. Alama zangu ni 4 kati ya 5, moja ikiwa imekatwa kwa sababu ya mkono na kitabu kwa pamoja. Kabla ya kulipa, omba mfuniko ufungwe na kufunguliwa mbele yako, angalia kama meno yote yanaingia bila kulazimishwa, na hakikisha duka lina raba ya akiba ya sufuria hiyo hiyo. Yangu niliipata kwa shilingi 5,000, na ni bora kuichukua siku hiyo hiyo ukiwa na sufuria mkononi, kwa sababu lita 6 za kiwanda kimoja hazina mfuniko wenye upana sawa na lita 6 za kiwanda kingine.